Maswali na majibu: Kambi za wanaume porini, na dawa zilizobaki nyumbani

Maswali ya safari hii yote yanahusu kambi za wanaume, yaani yale mafungo ya siku tatu nne mlimani au porini ambayo baadhi ya makanisa ya hapa Dar huwaandalia askari wastaafu, waliofiwa, walioachika na waliozama kwenye pombe. Mnaouliza kiingilio na namba ya kulipia, naomba mpumzike. Mimi siuzi tiketi.

Mume wangu ni mwanajeshi mstaafu, aliwahi kwenda Kongo. Usiku anashtuka na kupiga kelele, mchana hataki kukaa penye watu. Mchungaji anataka apande mlimani afunge siku saba. Nimruhusu? (Mama wa Kitunda)

Mlimani aende, mama, lakini aanzie hospitali. Nchi hii ina wanaume wengi wa namna hiyo kuliko tunavyopenda kukiri. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa na walinda amani 15 wa Tanzania wakauawa. Miaka minne kabla yake tulipoteza saba Darfur. Majeneza tuliyapokea kwa heshima zote. Waliorudi wakitembea kwa miguu yao tuliwapa mkono wa pole, wakapanda daladala wakaenda kwao.

Hali ya mumeo madaktari wanaifahamu, wanaiita PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya mtu kupitia mambo ya kutisha. Wamarekani waliiingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na ina matibabu: mazungumzo na mtaalamu, na dawa kwa wanaozihitaji. Mpeleke Lugalo au Muhimbili. Akishaonwa na daktari, kambi nzuri itamfaa sana: ukimya, kupasua kuni, kupika na wenzake, na zaidi ya yote kukaa usiku na mtu aliyewahi kuvaa gwanda, ambaye hahitaji kuelezwa mlio wa risasi ukoje.

Hiyo ya kufunga siku saba, mkumbushe mchungaji 1 Wafalme 19. Eliya alilala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Watumishi wetu wanapenda kurukia zile siku arobaini za kwenda Horebu, mkate wanaupita kama hawajauona.

Jambo jingine: kama kambi ina mkesha wa vipaza sauti na watu kuamshwa saa nane usiku kwa kelele, asiende. Hizo kelele ndizo zinazomshtua hata akiwa kitandani kwake.

Mimi ni Mwislamu, rafiki yangu ananialika kambini kwao. Niende? (Temeke)

Omba ratiba iliyoandikwa. Ukiona siku ya tatu mna ubatizo mtoni, umeshajua umealikwa kwenye nini. Kama unachotafuta ni utulivu, kumi la mwisho la Ramadhani lina itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, na kwenda huko huhitaji nauli.

Kaka yangu anakunywa gongo tangu asubuhi, kila siku, miaka mingi sasa. Kambini pombe marufuku. Siku nne zinatosha kumwachisha? (Mbagala)

Siku nne zinatosha kumuua. Soma vizuri hapa, na umsomee na kiongozi wa kambi.

Mlevi wa kila siku akikatishwa pombe ghafla, mwili unagoma. Ndani ya siku ya kwanza mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Kufikia siku ya pili anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa: anaona wadudu wakitembea ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, anapigana na wanaomshika. Sasa fikiria hayo yakitokea katikati ya msitu, mbele ya wanaume thelathini wanaoamini mapepo. Watamshika chini, watakemea hadi alfajiri, na wakati wote huo mgonjwa hana maji mwilini wala dawa. Akitulia watasema katoka pepo. Huenda ndiyo anakata roho.

Kaka yako aanze hospitali, apewe dawa za kumtuliza na vitamini, asimamiwe mpaka siku hizo zipite. Kambi itamfaa baadaye, atakapokuwa anajifunza kukaa jioni nzima bila chupa.

Kuna kambi za bure?

Zipo. Uliza kanisani kwako.

Natumia dawa za akili. Kiongozi anasema nikija na dawa nimekuja na mashaka. (Tabata)

Hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Usiache dawa kwa amri ya mtu ambaye hakukuandikia. Kama ni lithiamu, kufunga bila kunywa maji kunaweza kuipandisha kwenye damu hadi ikawa sumu. Wa insulini naye asifunge kabla ya kuongea na daktari wake. Huyo kiongozi muulize kama miwani yake ameiacha nyumbani.

Umoja wetu wa wanaume unataka kuandaa kambi msitu wa Pugu. Tuanzie wapi? (Gongo la Mboto)

Kwa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, hamuingii na mahema na kuwasha moto mnavyotaka. Masika, Machi hadi Mei, acheni. Bebeni vyandarua, na gari moja lisitoke kambini hata kwa kufuata mkaa, maana ndilo la kumkimbiza mtu Kisarawe.

Kabla ya safari, kila mmoja aulizwe faragha: unatumia dawa gani, unakunywa kiasi gani, umewahi kutaka kujiua? Hilo la mwisho wengi watalikwepa, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kwa hiyo anayeuliza awe mtu wa kutunza siri, na shuhuda za kambini zisirekodiwe kwa simu. Nimeona mtu analia kwenye kundi la WhatsApp la watu wasiomjua.

Wake zao pia msiwasahau. Samaritan's Purse, shirika la Kikristo la Marekani, tangu 2012 linawapeleka Alaska wanajeshi waliojeruhiwa, na linawapeleka mume na mke pamoja. Sisi tunamrudisha baba Jumapili jioni akiwa mtu mpya, mama hajui hata aliambiwa nini huko. Na Ijumaa inayofuata mtu ampigie simu kila mmoja. Gawaneni majina kabla hamjapanda basi.

Usiku wa mwisho tuliambiwa tupande mbegu. Mzee mmoja aliahidi nusu ya kiinua mgongo chake. Ni sawa? (Kigamboni)

Ahadi aliyoitoa akiwa na njaa, hajalala, na analia? Mwambie asilipe. Wakimpigia, asipokee.