Kununua kingo za mto: maswali yenu na majibu

Swali: Mto ni wa wote. Kwa nini watu wachange fedha kununua ardhi iliyo kando yake?

Jibu: Kwa sababu madhara mengi ya mto huanzia nchi kavu. Mwenye ukingo ndiye anayeamua kama miti ikatwe, kama ng'ombe washuke majini popote, kama jembe lifike hadi kwenye maji. Miti ikiondoka, jua hupiga kijito moja kwa moja, na samaki wa maji baridi kama salmoni na trauti huanza kutaabika joto likipita nyuzi 20 hivi. Mizizi ikifa, ukingo humomonyoka. Tope laini hujaa katikati ya kokoto, palepale samaki hawa walipotaga, na mayai hukosa maji yanayopita kuyaletea hewa. Sheria zipo na tunazihitaji, ila usimamizi wake hulegea. Hati ikiwa mikononi mwa anayeujali mto, ulinzi hausubiri mkaguzi afike.

Swali: Kuna mahali njia hii imefanikiwa kweli?

Jibu: Ipo Blue Creek, kijito kinachoingia mto Klamath, kaskazini mwa California, Marekani. Mwishoni mwa kiangazi maji ya Klamath hupata joto la kuwachosha salmoni wanaopanda kutoka baharini. Wakifika Blue Creek inapomwaga maji yake, hukuta ubaridi, hujikusanya pale, hupoza miili, kisha huendelea na safari. Mwaka 2002 makumi ya maelfu ya salmoni walikufa sehemu ya chini ya Klamath, maji yalipopungua, yakapata joto, na maradhi yakasambaa. Ndiyo maana kijito kimoja baridi kina thamani kuliko urefu wake unavyoonyesha.

Ardhi ya bonde hilo ilikuwa ya kampuni ya mbao. Shirika la Western Rivers Conservancy liliinunua kwa awamu na kuikabidhi kwa Wayurok, wenyeji wa asili wa pale. Awamu ya mwisho ilikamilika mwaka 2025. Jumla ni ekari 47,097, karibu hekta 19,000, kwa dola milioni 56, na fedha hizo zilikusanywa kutoka vyanzo vingi, ikiwemo mikopo na biashara ya hewa ukaa, yaani malipo kwa kaboni ambayo misitu huihifadhi.

Swali: Hii si njia nyingine ya kuwafukuza watu kwa jina la uhifadhi?

Jibu: Yaweza kuwa hivyo, na hofu yako ina msingi. Wayurok walirudishiwa ardhi waliyonyang'anywa zaidi ya karne moja iliyopita. Kwingine mambo huenda kinyume kabisa. Ukisikia mradi wa namna hii, uliza kama muuzaji ameuza kwa hiari, na hati itaishia kwa nani. Uliza pia ni akina nani waliokuwa wakivua, wakichota maji au kuokota kuni pale bila kuwa na karatasi yoyote. Hao ndio husahaulika siku ya kutia saini. Mradi usiojua majina yao mimi siuungi mkono, hata kama wanyama wake ni adimu kiasi gani.

Swali: Watu wa mjini wanapata nini?

Jibu: Maji safi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la New York hutoka milima ya Catskill na jirani zake bila kupita kwenye mtambo wa kuchuja. Kwa makubaliano ya mwaka 1997, jiji limekuwa likinunua ardhi ya vyanzo vya maji kwa wanaotaka kuuza tu, kwa bei ya soko, na huilipia kodi ya ardhi. Mtambo ungegharimu mabilioni ya dola.

Swali: Ukinunua ukingo, umenunua na maji?

Jibu: Mara nyingi hapana. Magharibi mwa Marekani, kwa mfano, haki ya maji huwa kitu tofauti na ardhi, na aliyetangulia kuyatumia ndiye hupewa kwanza. Jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 1987 inayotambua kwamba kuacha maji yatiririke mtoni nako ni matumizi halali. Mnunuzi asipoulizia haki hizo mapema, anaweza kubaki na miti mizuri kando ya mto mkavu.

Swali: Shamba langu linapakana na kijito na siuzi. Nifanye nini?

Jibu: Usiuze. Weka uzio, acha ukanda wa uoto wa asili. Mita 30 huzuia mbolea na udongo mwingi, ingawa wanyama wakubwa huhitaji zaidi. Mifugo iwekewe birika mbali na ukingo. Gogo likianguka majini liache, isipokuwa kama linatishia daraja au nyumba, kwani nyuma yake maji huchimba kidimbwi na samaki wadogo hujikinga humo mto ukifurika. Katika baadhi ya nchi waweza pia kusajili makubaliano ya uhifadhi juu ya hati yako: ardhi inabaki yako, ila haki ya kujenga au kukata miti ukingoni inafungwa, mara nyingi milele. Yatawabana hata warithi, kwa hiyo kaa nao na mwanasheria wa ardhi kabla hujatia saini.