Sakafu inang'aa, mbona mtoto bado anabanwa usiku?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka sita ana pumu. Nimetoa mazulia yote, napiga deki kila siku kwa dawa yenye harufu nzuri, na nimenunua mashine ya kusafisha hewa. Bado, akilala tu kikohozi kinaanza, na alfajiri kifua kinapiga mluzi. Ndugu wanasema tumwondoe paka wetu. Nifanye nini?

JIBU: Pole mama, najua mnakesha. Kilichonigutusha katika swali lako ni hayo maneno "akilala tu". Mazulia umetoa, hewa unachuja, lakini godoro hujalitaja.

Ndani ya godoro, mito na midoli ya manyoya huishi utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula vigaga vya ngozi tunavyopukutisha. Haviumi. Mzio unatokana hasa na vinyesi vyao, navyo ni vizito kiasi: vikitimuliwa huelea kwa muda mfupi, kisha hutua. Ndiyo maana mashine yako haivinasi. Mtoto kalaza pua juu ya chanzo chenyewe.

Valisha godoro na mto vifuniko vya zipu visivyopitisha vumbi. Mashuka, foronya na blanketi vifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzijoto 60. Kwa maji baridi utitiri wengi hubaki hai. Mdoli asiyestahimili maji ya moto mtie kwenye mfuko, umgandishe kwenye friza saa 24, kisha umfue. Kitandani abaki mmoja tu, na mtoto amchague mwenyewe, la sivyo mtagombana. Usitegemee vifuniko pekee: hata mwongozo wa pumu wa Marekani wa 2020 unashauri hatua kadhaa zifanywe pamoja. Halafu kuna unyevu. Utitiri hawanywi maji, huyafyonza hewani, kwa hiyo chumba chenye unyevu chini ya asilimia 50 huwapunguza, na ukungu wa ukutani pia. Usianike nguo chumbani mwake.

Kuhusu dawa ya deki nitakuwa mkali kidogo. Hiyo harufu nzuri yaweza kuwa ndiyo inayombana. Tumia maji na sabuni isiyo na manukato, futa vumbi kwa kitambaa chenye majimaji, mtoto akiwa nje. Dawa zenye klorini usizichanganye kamwe na nyingine. Sigara isivutwe ndani hata dirishani, na dawa ya mbu ya kuchoma iache.

Sasa paka. Msimwondoe kwa kubahatisha. Mtoto apimwe kwanza mzio, kwa ngozi au kwa damu. Chembe zinazosumbua hutoka kwenye mate na ngozi ya paka, ni nyepesi, huelea saa nyingi, na hubaki nyumbani kwa miezi hata baada ya paka kuondoka. Kwa hiyo kumpeleka kwa jirani wiki mbili "kujaribu" hakutakuambia kitu. Kwa sasa asiingie chumba cha mtoto, na ile mashine ihamishie humo: kwa chembe za paka, tofauti na za utitiri, inaweza kusaidia.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa. Kikohozi cha kila usiku kinaonyesha pumu haijadhibitiwa, basi mrudishe kliniki, mwende na inhela yake, aivute mbele ya mhudumu. Mara nyingi dawa huishia mdomoni, ndiyo maana watoto hupewa chupa ya kuvutia dawa (spacer), inayochomekwa kwenye inhela.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikizama kila anapovuta hewa, au midomo ikigeuka bluu, msisubiri kupambazuke. Mpe inhela ya dharura na mwende hospitali saa hiyo hiyo.