Jibu: Umeweka namba ya mchango kwenye programu ya bure, wanakuita mwenye tamaa

Mkuu, ulichoandika nimekisoma mara mbili. Miaka miwili unatengeneza bure programu ya kuazimisha vitabu kwenye maktaba za shule, shule zinaitumia, na siku uliyoweka namba ya simu ya kupokea mchango mtu akakujibu kwamba "umeanza tamaa". Unauliza uendelee kuomba, uanze kutoza, au uache kabisa. Naomba nijibu kwa kirefu, maana njia hiyo nimeipita, na kuna kosa nililifanya ambalo nisingependa ulirudie.

Mwaka 2018 nilikuwa Morogoro. Niliandika programu ndogo ya kuunganisha maduka ya mtandaoni na malipo ya simu, nikaiweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana programu, kwa leseni huria, anayetaka achukue. Wakajiunga wenzangu watatu ambao sikuwahi kuonana nao ana kwa ana. Wawili waliandika msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Wa tatu, dada mmoja wa Iringa, aliandika maelekezo yote kwa Kiswahili, akawa anawajibu wageni na kuchambua ripoti za hitilafu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu. Wa pili, simu yangu ikaanza kuita saa tano usiku: "Malipo hayaingii, rekebisha sasa hivi, wateja wanasubiri." Mtu simjui, salamu hakuna. Bando langu, LUKU yangu, usingizi wangu. Pesa sikuwa nimeitarajia, kwa hiyo kuikosa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kuona nilichokitoa kama zawadi kimegeuka deni, na mdaiwa ni mimi.

Halafu kampuni moja ikanitafuta. Walitaka kipengele cha kurejesha pesa kwa mteja aliyeghairi, wakanipa shilingi milioni moja na nusu. Nikafanya kwa wiki mbili, nikalipwa, nikanyamaza. Nilijiambia kazi nimeifanya mwenyewe. Lakini kampuni ile ilitufahamu kupitia maelekezo ya yule dada, na kipengele changu kilisimama juu ya msimbo wa wenzangu. Wakajua siku kampuni ilipoandika shukrani hadharani na kunitaja mimi tu. Hakuna aliyenigombeza. Dada aliandika mstari mmoja kwamba ana majukumu mengi, hakurudi. Haikupita miezi sita nikabaki peke yangu na ripoti zaidi ya 60 zisizo na majibu.

Mimi nimekulia Tanga, na kule neno "kutunza" lina kazi mbili. Unatunza shamba, unatunza mtoto. Na kwenye taarabu, wimbo ukikugusa unainuka na noti yako kwenda kumtunza mwimbaji. Noti ile haihusiani na malipo ya kikundi, hayo mwenye harusi alishayamaliza kabla ya siku yenyewe. Na aliyetunza elfu tano hawezi kumfuata mwimbaji nyumbani saa nane usiku adai wimbo urudiwe. Namba yako ya mchango ni ya kutunzwa, mkuu. Wewe unaitegemea ilipe saa zako za usiku, na wanaoitumia programu wanaona saa hizo ni haki yao iwe wametuma au hawajatuma.

Hili halijatupata sisi peke yetu. Hitilafu ya Heartbleed ilipogunduliwa mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilijulikana kwamba michango iliyokuwa ikiingia ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Werner Koch wa Ujerumani alianza GnuPG, programu huria ya kuficha siri za barua pepe na mafaili, mwaka 1997, mwaka 2013 akakaribia kuiacha kwa kukosa fedha. Habari zake zilipoandikwa Februari 2015 ndipo michango ikamiminika, Facebook na Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kila moja ikaahidi dola 50,000 kwa mwaka. Miaka 18 baadaye!

Linalonitisha zaidi ni la xz, programu huria ya kubana mafaili. Mwaka 2022 watu walimwandama mtunzaji wake, Lasse Collin, kwamba anachelewa. Alijibu waziwazi kwamba afya yake ya akili haiko sawa muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Msaidizi aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa ameanza kuleta marekebisho ya msimbo, akazidi kuaminiwa mpaka akapewa funguo, yaani ruhusa ya kuibadilisha na kuitoa programu yenyewe. Mwaka 2024 akapenyeza ndani yake mlango wa siri wa kuvamia kompyuta za watu. Uligunduliwa Machi kwa sababu Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia. Kwa hiyo ukiamua kuacha, tangaza kwamba umesimama na uache msimbo wazi. Usimkabidhi funguo wa kwanza anayekusukuma kwa sababu tu umechoka.

Lakini kwa unavyoandika, bado unaipenda kazi yako. Basi msimbo uache bure, na mwanzoni mwa maelekezo uandike wazi kwamba majibu hayana ahadi ya muda. Leseni huria kama ile iitwayo MIT yenyewe inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Kisha uza muda: kufunga programu shuleni, kumfundisha mkutubi, kurekebisha tatizo ndani ya siku moja. Taja bei ya mwaka na utoe ankara na risiti. Mwalimu mkuu hawezi kuandika kwenye vitabu vya hesabu kwamba ametuma elfu hamsini kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama moyoni anakushukuru. Nadhani hapo ndipo mchango wako ulipokwama, kuliko kwenye uchoyo wao.

Na kama una wenzako, pesa ya kwanza ikiingia iwekwe mezani kila mmoja aione, kabla hujaigusa. Majina pia. GitHub inamwonyesha aliyeandika msimbo. Aliyejibu maswali mia kwa simu haonekani popote. Mwaka 2022 nilimwandikia yule dada, nikamweleza hesabu yote na kumtumia fungu lake. Alilipokea. Akaniambia pesa alishaisahau, ila ile shukrani ya hadharani isiyo na jina lake alikuwa bado anaikumbuka neno kwa neno.

Ankara niliyoanza nayo bado ninayo, ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Nitumie ujumbe niambie shule ziko ngapi na zipi ni za serikali, maana za binafsi hulipa kwa utaratibu tofauti, nikurekebishie.