Mbegu za biringani: maswali yenu na majibu

Mbegu chotara za dukani zilinipa mabiringani meusi, marefu, yote sawasawa. Nilizokamua mwenyewe zimetoa kila aina, hata ya kijani. Nimeuziwa mbegu bandia? (Msomaji, Wete)

Hapana. Wazazi wa chotara ni wawili wenye sifa mbalimbali. Watoto wa kwanza hufanana, lakini wajukuu kila mmoja hugawiwa upya. Sifa inayoongozwa na jeni (chembe ya urithi) moja iliyofichika hujitokeza kwa kadiri ya mche mmoja kati ya minne. Rangi na umbo la biringani zina jeni kadhaa, ndiyo maana umeona mengi. Usiing'oe miche hiyo, humo ndimo pa kuchagulia.

Nichague vipi? (Msomaji huyohuyo)

Chagua mche, usichague tunda. Biringani moja kubwa huenda limetokana na samadi iliyorundikana pahali pamoja. Panda miche 100 au zaidi kwenye udongo ulio sawa, kisha tazama mche mzima: idadi ya matunda, miiba ya kikonyo, majani yaliyoshambuliwa. Teua mitano. Biringani hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, yaani ua hupokea chavua (unga) yake lenyewe, lakini nyuki huchanganya, kwa hiyo visha maua kitambaa cha chandarua kabla hayajafunguka, na uyatikise asubuhi. Tunda la mbegu liache mtini mpaka ligeuke manjano au kahawia. Mbegu za kila mche zihifadhi peke yake, na msimu ujao kila mche upate tuta lake. Ukihesabu chotara kuwa kizazi cha kwanza, mchanganyiko wa jeni hupungua nusu kila kizazi: cha pili asilimia 50, cha sita kama 3 tu. Wengi huchoka kizazi cha tatu, na hapo mbegu bado haijatulia.

Nina aina mbili, moja ya kijani izaayo sana na moja ya zambarau. Nizichanganye vipi? (Msomaji, Machui)

Mama awe wa kijani. Jioni tafuta ua lililovimba, lenye rangi, lakini bado limefumba. Lifungue kwa kibano, utoe vifuko vyote vya chavua bila kuvipasua, kisha lifunike kwa mfuko wa karatasi. Asubuhi gongagonga ua la baba lililofunguka juu ya ukucha. Chavua hutoka kwenye vitundu vya ncha. Ipake kwenye stigma (ncha ya katikati ya ua la mama inayopokea chavua), funika tena, andika tarehe. Maua yenye stigma fupi, iliyozama chini ya vifuko, yaache, kwani aghalabu hupukutika. Kwa kawaida zambarau hutawala, kwa hiyo mtoto akizaa matunda ya kijani matupu, ua lilijichavusha.

Miche hunyauka ghafla ingali mibichi. Iliyobaki niifanye mbegu? (Msomaji, Micheweni)

Kwanza kata shina la mche ulionyauka, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka, ni mnyauko wa bakteria. Mche uliopona huenda haukufikiwa na ugonjwa tu, basi mbegu zake zirudishe kwenye tuta lilelile lililoambukizwa na uhesabu miche inayosalimika. Hilo liwe tuta la majaribio pekee. Kwenye shamba la kuuza, usifuatanishe biringani na tungule, pilipili wala mbatata, maana bakteria ni yuleyule.