Barua kwa mwanangu: Tunu na mlima wa Vuria

Mikindani, Mombasa
Jumapili jioni, Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za babako. Sisi wazima, ila joto ndilo linalotutesa. Usiku tunalala madirisha wazi na bado shuka zinalowa.

Ujumbe wako niliusoma juzi. Uliniuliza hivi: Tunu, kitoto chako cha mbwa, ana wiki 14, nanyi mwisho wa mwezi mnapanda milima ya Taita kwa siku nne, kutoka Mwatate hadi Wundanyi, mpitie msitu wa Ngangao, mmalizie kilele cha Vuria. Je, ukimchukua atakuwa salama? Sikukupigia simu kwa sababu nakujua. Ungesikia "hapana" ukaanza kujitetea, na mengine yote yangepotea hapo. Kaa chini usome.

Mwisho wa mwezi huu usimchukue. Kwenda ataenda, na Vuria ataifika, lakini si kwa miguu ile aliyo nayo sasa, wala kwa kinga ile aliyo nayo sasa.

Hii habari sikuwahi kukusimulia. Nilipoanza kazi kwenye duka la dawa za mifugo, kabla hujazaliwa, mteja mmoja aliniachia kitoto cha mbwa cheusi chenye kidevu cheupe. Nikamwita Chapa. Alikuwa amechomwa sindano moja, nami nikaona yatosha. Nilimchukua kwenda kumwona nyanya yako Taita, tukashuka garini tukatembea naye hadi nyumbani, akinusa kila shina na kila kinyesi njiani. Tuliporudi Mombasa, siku ya tano, alisusa chakula. Usiku akatapika povu la manjano, asubuhi akahara damu. Harufu ile, mwanangu, hata leo nikiisikia naitambua kabla sijaambiwa mnyama ana nini. Nilimlaza kwenye gunia kando ya mlango wa jikoni nikawa namtilia maji kwa kijiko, nayo yakitoka upande wa pili wa mdomo. Alikufa usiku wa pili, mguu wake wa mbele ukiwa juu ya kandambili yangu.

Ilikuwa parvo. Ugonjwa huu ulianza kutambuliwa duniani mnamo 1978, na kirusi chake ni kigumu ajabu: hukaa udongoni miezi mingi, penye kivuli hata mwaka. Mbwa aliyeuacha hapo huenda alishapita zamani na hayupo tena. Sindano moja haikumfaa Chapa kwa sababu mtoto wa mbwa hunyonya kinga ya mamake katika maziwa ya kwanza. Kinga hiyo ikiwa bado na nguvu huizuia chanjo isishike, na ikishapungua mtoto hubaki bila kinga ya mama wala ya chanjo. Siku hasa inayopungua haijulikani, kila mtoto na yake. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mbwa atimize wiki 16. Mimi wakati huo nilikuwa nikiwauzia watu chanjo hizo na hilo sikulielewa.

Kadi ya Tunu niliiona mlipokuja. Amechomwa wiki ya 7 na ya 11. Imebaki ile ya wiki 16, nayo usiikose kwa lolote. Pamoja nayo achomwe ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia miezi 3. Baada ya hapo mpe wiki 2 mwili ujenge kinga. Hesabu mwenyewe: siku mtakayokuwa mnafunga mikoba, yeye ndiyo kwanza atakuwa kwa daktari wa mifugo. Na huko mnakopita kila boma lina mbwa wake, wengi hawajawahi kuona sindano, nao hushuka mbio kumpokea mgeni.

Najua utaniambia utambeba, maana ana kilo 6 tu. Mwanangu, kilo 6 zinazojinyonganyonga mgongoni siku nne, juu ya hema na maji, si mchezo. Na mkifika mahali pa kulala atashuka tu, atakojoa, atanusa, atalamba.

Lakini kumbeba kwenyewe ni jambo jema, ila fanya hapa mjini, tena anza kesho. Mtoto wa mbwa hujifunza dunia hasa kati ya wiki 3 na 14 hivi, na ule mlango kwa Tunu unafungwa sasa. Asichokiona leo huenda akakiogopa akishakuwa mkubwa, na mbwa mwoga mlimani ni hatari: atakurupuka kwa ngurumo moja akupotee. Basi mfunge kwa kanga kifuani, mbeleko ile ile, umpeleke asikie honi za matatu Mwembe Tayari, aone mikokoteni ya maji, watoto wakitoka shule, kivuko cha Likoni kikishusha watu. Asikanyage chini. Awe anaona tu, nawe unampa kipande cha nyama kila akitulia. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, kabla ya saa mbili asubuhi.

Na hapo uangalie watu. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa yakimgusa mtu au chombo chake, inambidi aoshe mara saba, moja kwa udongo. Mtu yuko njiani kwenda kuswali, umemsogezea pua mbichi ya Tunu, umemharibia safari yake. Kaa kando, msalimie mtu, umshike mbwa wako. Huko Taita pia msiingie naye uani kwa watu bila kubisha hodi na kuuliza kwanza.

Sasa mifupa. Mfupa wa mtoto wa mbwa hurefukia karibu na kiungo, kwenye gegedu laini ambayo bado haijawa mfupa. Kwa mbwa wa kimo cha Tunu sehemu hiyo huziba anapokaribia mwaka. Kwa mbwa wakubwa kama wale wa polisi huchukua mwaka na nusu. Ukimtembeza kutwa kwenye mawe, apande na kuruka, gegedu hiyo yaweza kuumia, na mguu ukakua umepinda. Ubaya ni kwamba hatakwambia. Mtoto wa mbwa humfuata amtakaye mpaka aanguke. Ukimwona anakaa kitako kila mnaposimama, anabaki nyuma, au anarukaruka kwa miguu miwili ya nyuma kama sungura, amechoka tangu zamani.

Watu wa mbwa wana kipimo: dakika 5 kwa kila mwezi wa umri, mara mbili kwa siku. Si sheria ya daktari, ila mimi nakipenda kwa sababu kinamzuia kijana mwenye miguu mirefu kama yako. Miezi 5, dakika 25. Kucheza mwenyewe uani, kukimbia akalala akaamka, hakuhesabiwi, kwa kuwa hapo anapumzika apendapo.

Joto ndilo linaloniogopesha zaidi kwa huku kwetu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na hewa ya Mombasa ikiwa nzito kwa unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Weka kiganja juu ya lami uhesabu hadi saba. Ukishindwa, na yeye asikanyage. Akihema kwa nguvu, ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, anayumba, usisubiri: mtie kivulini, mlowanishe tumbo, mapaja kwa ndani na nyayo kwa maji ya kawaida, mpepee kwa kanga, kisha mbio kwa daktari. Usimwekee barafu. Na ukimpeleka ufuoni Bamburi alfajiri, chukua maji yake ya kunywa, kwani ya bahari yatamharisha.

Kupe utawakuta kila mahali, Pwani na Taita. Huleta homa inayomaliza damu na kinga. Mfunue mdomo mara kwa mara, fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe ni kupe au safura, na kwa mtoto safura huua upesi, kwa hivyo dawa ya minyoo kila mwezi hadi miezi 6. Dawa ya kupe inunuliwe kwa uzito wa sasa, si wa mwezi uliopita. Kupe ukimwona mvute wima kwa koleo ndogo karibu na ngozi. Usimmwagie mafuta ya taa, nimeona ngozi za mbwa zilizoungua kwa hilo.

Wenzako wakisema basi twende Shimba Hills kwa kuwa ni karibu, hiyo ni hifadhi ya taifa, mbwa haruhusiwi, sawa na Tsavo. Na vijiji vya kando yake upande wa Kwale vina mbung'o. Mbwa akipata ugonjwa wao, macho hugeuka kama yametiwa maziwa. Nimewaona wakiletwa dukani wamechelewa.

Nakushauri hivi. Nyinyi nendeni mwisho wa mwezi, Tunu mleteni kwangu. Kuanzia katikati ya Machi atembee kwa kipimo kile, kwa kamba, hasa asubuhi. Masika yakiisha kusi ikavuma, ongeza kidogokidogo. Julai pigeni hema hapa uani kwangu usiku mmoja, alale ndani nawe, azoee kelele za turubai na giza. Msimfunge nje, siku hiyo wala mlimani. Chui humfuata mbwa kuliko anavyomfuata mtu.

Agosti atakuwa na miezi 9. Mpeleke Taita usiku mmoja tu: asubuhi mtembee kwa muda wa saa mbili au tatu, kwa mwendo wake, mchana mpumzike, kesho mshuke. Angalia tu kwamba jike huanza kutafutwa na madume kati ya miezi 6 na mwaka. Ikiwa ndiyo wiki hiyo, ahirisha, la sivyo mbwa wa kata nzima watalala nje ya hema lenu wakipigana. Zungumza na daktari mapema kuhusu kumfunga uzazi, na lini.

Desemba tunapokwenda nyumbani kwa Krismasi, atakuwa na mwaka na mwezi. Daktari akimshika nyonga na magoti akaridhika, hapo nendeni siku zenu nne hadi Vuria. Ni mita 2,208, na ukungu wa kule una baridi ambayo mbwa wa Mombasa hajawahi kuijua, kwa hivyo mchukulie blanketi lake. Kamba isitoke shingoni mnapopita mashambani. Akifukuza mbuzi wa mtu, mwenye mbuzi ana haki ya kukasirika, na ana panga mkononi. Msituni pia kuna mitego ya waya.

Maji mpe kidogokidogo kila mnaposimama. Chakula kingi ale jioni mkishatulia, si kabla ya kupanda. Mifupa iliyopikwa isimguse mdomo. Chukua soksi kuukuu mbili safi za kumvalisha akichanika wayo. Na akichechemea, nakuomba sana, usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zimeua mbwa wengi kwa mikono ya watu waliowapenda. Nimewauliza wenyewe walimpa nini, nikaona nyuso zao wanaponitajia. Mpumzishe, mbebe, mrudi.

Na nyinyi wenyewe mkiumwa na mbwa yeyote huko, hata mkwaruzo wa jino, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakitibiki. Msisubiri kumaliza safari.

Babako amesoma juu ya bega langu, anasema nimekuogopesha. Nimemwambia wewe si mwoga. Ulikuwa na miezi minne mara ya kwanza ulipopanda njia ile ya Wundanyi, na hukukanyaga hata hatua moja. Ulilala mgongoni mwangu, mguu mmoja umetoka nje ya kanga, mpaka kwa nyanya yako. Kanga yenyewe ninayo, ya rangi ya zambarau, imechakaa pindoni lakini katikati bado imara. Nimeifua. Jumamosi njoo uichukue, na uje na Tunu na kadi yake, tumpime kilo kwenye ile mizani ya babako ya samaki.

Mamako