Bangi ya mapambo getini?

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi natunza bustani ya nyumba moja hapa Malindi, tajiri wangu ni Mtaliano. Safari hii kaja na mbegu, asema ni bangi ya mapambo tu haileweshi mtu, kwao yauzwa kwa vitalu vya maua, ataka niipande msitari mzima kando ya geti manake ayapenda yale majani. Mimi naogopa lakini kazi pia naihitaji. Nifanyeje?
Mtunza bustani, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiipande, hata mche mmoja, na nakwambia sababu ili ukienda kumweleza uwe na maneno. Hajakudanganya, Italia ina sheria ya mwaka 2016 ya bangi isiyolewesha na wenye vitalu vya maua wametajwa humo, ila hiyo ni ya huko kwao. Hapa Kenya tuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na hiyo inakataza mmea wowote wa jamii ya bangi, haiulizi unalewesha ama hauleweshi, kuupanda tu kifungo kinaweza kufika miaka 20. Mwenye ardhi akiruhusu upandwe kwake na yeye ana kosa, mwambie hilo kwa upole lakini mwambie. Kisha fikiria mwenyewe, siku askari wakiingia atakayekutwa ameshika mpira wa maji ni wewe, yeye huenda yuko zake Milano.

Uzuri wa mmea sibishi. Jani moja lina vidole 5, 7, hata 9, kingo zake zimechongoka kama msumeno, na Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wanaupanda nyuma ya maua mafupi kwa kimo chake na hayo majani tu. Lakini kule kiangazi mchana ni mrefu sana, mmea unarefuka weee kabla haujatoa ua. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana saa kumi na mbili usiku saa kumi na mbili mwaka mzima, na bangi hutoa maua usiku ukiwa mrefu, sasa mbegu za Ulaya ukizipanda hapa kwa kawaida zinakimbilia kuchanua zingali fupi, halafu majani yanageuka manjano na mmea unakufa, manake ni wa msimu mmoja. Yaani mngehatarisha jela kwa vijiti vikavu getini!

Mpandie mhogo wa mapambo, ule wa majani ya kijani na manjano. Jani lake ni la vidole vilevile, unakata kijiti unachomeka, na mchanga wetu na jua vyote unavimudu. Ama kuna ule mti wa jamii ya mbono wenye majani yaliyochanika vidole vingi vyembamba na maua mekundu juu, huo ukishashika unakaa miaka. Mbegu zake ni sumu kali lakini, kama kuna watoto hapo vunja matunda yote yangali mabichi.

SWALI: Bi, uani kwetu Lamu kumeota mmea wenyewe, majani ya vidole, jirani anasema ni bangi na mama hana usingizi. Nitajuaje?
Binti wa Lamu

JIBU: Mwambie mama alale kwanza. Inama uangalie kingo za jani. Za bangi zina meno wazi kabisa mpaka ncha, na maua yake ni ya kijani, hayana petali. Kama kingo hazina meno makubwa hivyo, vidole ni vitano, shina lina vinywele vya kunata na juu kuna viua vyeupe vyenye nyuzi ndefu, basi huo ni mgagani, mboga kabisa. Chuma majani machanga, chemsha, mwaga maji ya kwanza uchungu utoke, upike kwa tui.