Mabano kwenye jina la kipepeo yana maana gani, na majina haya yanatoka wapi?

Swali: Ninaandika upya lebo za sanduku la vipepeo waliokaushwa. Lebo moja inasema *Papilio machaon* Linnaeus, 1758. Nyingine inasema *Danaus plexippus* (Linnaeus, 1758). Mtu ni yuleyule na mwaka ni uleule, mbona mabano yapo kwa mmoja tu? Na je, maana ya jina inaweza kunisaidia kumtambua kipepeo?

Jibu: Usiyafute mabano hayo, wala usiyaongeze kwa wengine ili lebo zifanane. Yanaeleza kwamba spishi imehamishwa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana, linalotajwa na neno la kwanza la jina) tangu ilipopewa jina. Mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu chake *Systema Naturae*, mwanasayansi wa Uswidi Carl Linnaeus aliwaweka vipepeo wote wa mchana kwenye jenasi moja, *Papilio*, ambalo kwa Kilatini ni kipepeo tu. *Machaon* yumo humo hadi leo, kwa hiyo hana mabano. *Plexippus* naye alianza kama *Papilio plexippus*, kisha akahamishiwa *Danaus*. Jina la Linnaeus na mwaka vinabaki, ila vinaingia ndani ya mabano. Aliyemhamisha hatajwi, wataalamu wa mimea humtaja, wa wanyama hawana desturi hiyo.

Kabla ya kuandika lebo, tafuta kwenye orodha ya kitaalamu jenasi ambamo spishi iliwekwa mara ya kwanza, uilinganishe na ya sasa. Zikitofautiana, weka mabano. Zikiwa sawa, acha. Spishi ikishushwa kuwa nususpishi (aina ndogo ndani ya spishi nyingine) katika jenasi ileile, mabano hayahitajiki, na hapa wengi hukosea. Kosa jingine ni kufunga jina la mtu peke yake na kuuacha mwaka nje: vyote viwili huingia pamoja, vikitenganishwa kwa mkato. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, jina la spishi kwa ndogo hata kama limetokana na jina la mtu, na majina hayo huandikwa kwa herufi za mlalo, lakini si jina la mtu wala mwaka.

Ama kuhusu maana, nakushauri usiitegemee katika utambuzi. Linnaeus alikuwa na spishi nyingi za kutaja kwa mara moja, akachota kwenye visasili vya Wagiriki. Machaon ni tabibu wa jeshi la Wagiriki katika vita vya Troya. Danaus ni mfalme aliyekuwa na mabinti 50, na pacha wake Aegyptus alikuwa na wana 50. Chrysippus, tunayemkuta katika *Danaus chrysippus*, ni mmoja wa wana hao. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalokuambia lolote kuhusu bawa.

Majina yanayotokana na mimea yanafaa zaidi, ingawa nayo yana mipaka. *Pieris brassicae* ametajwa kwa jenasi ya kabichi, na kweli viwavi wake hula kabichi na jamaa zake. *Vanessa cardui* ametajwa kwa *Carduus*, mimea yenye miiba, lakini viwavi wake hula mimea mingine mingi, kwa hiyo ukimkuta kiwavi pasipo miiba hiyo usimkatae. Majina ya mahali hupotosha kuliko yote: *Lampides boeticus* anabeba jina la Baetica, jimbo la Warumi kusini mwa Hispania, ilhali anaruka Afrika, Asia na Australia. Jina halibadilishwi kwa sababu maana yake haifai. Lililotangulia kutangazwa kwa kufuata kanuni ndilo hushika.

Miisho pia ina mtego. Mwisho wa *-ae* unaweza kuonyesha mwanamke: *Ornithoptera alexandrae* (Rothschild, 1907) ni heshima kwa Malkia Alexandra wa Uingereza. Lakini *brassicae* si mwanamke. Vivyo hivyo *-i* mara nyingi ni ya mwanamume, ila *cardui* ni mmea.

Ukishapata jina sahihi, usiing'oe lebo ya zamani, hata kama imekosewa. Ongeza lebo mpya chini yake kwenye pini ileile, yenye jina kamili, aliyetambua na mwaka wa utambuzi. Lebo ya mahali na tarehe ya kukamatwa isiguswe kabisa: jina linaweza kutafutwa upya kutoka kwa kipepeo mwenyewe, mahali alipokamatwa hapawezi.